Kizuizi, Bloku au Kitalu? Uhakiki wa Karatasi Moja ya Mafundi wa Himo

Imekuwa desturi katika kurasa hizi kuhakiki vitabu vilivyotafsiriwa, na mara nyingine nyaraka za ofisi. Leo naomba radhi kwa wasomaji, kwa kuwa ninachokihakiki si kitabu wala waraka. Ni karatasi mbili zilizopigwa chapa upande mmoja, zimebanwa kwa pini, na kona moja imeunguzwa na chuma cha kuchomea risasi. Nilizipata Desemba iliyopita katika kibanda cha fundi wa redio, simu na mashine za gemu pale Himo, karibu na njia panda ambapo barabara ya kutoka Moshi hugawanyika, moja ikielekea Holili na Taveta, nyingine ikienda Same na hatimaye Tanga. Hazina jina la mwandishi, jina la mfasiri wala mwaka. Kichwa chake kimeandikwa hivi: "Jinsi ya kurekebisha vizuizi vibaya vya kumbukumbu wakati wa kumulika mashine ya mchezo iliyobadilishwa."

Fundi alinionyesha mashine iliyokuwa juu ya rafu, Xbox 360 nyeusi, imefungwa kwa utepe ili vifuniko visiachane. Ni mali ya mama mmoja anayewachezesha vijana kwa malipo katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mama huyo alikuwa na mashine mbili. Sasa anayo moja. Fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameisoma karatasi mstari kwa mstari, kama tulivyofundishwa sote shuleni kusoma maelekezo, akatenda kila kilichoandikwa. Mashine haikuwaka tena. Tulipoonana alikuwa bado anamlipa yule mama kidogo kidogo. Alipoisikia kazi yangu aliniuliza kwa upole, "Dada, hiki ndicho Kiswahili mnachokitengeneza huko?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niiombe karatasi ile nikaondoka nayo. Hadithi iliyotafsiriwa vibaya humchosha msomaji, naye huiweka chini. Maelekezo yaliyotafsiriwa vibaya hutiiwa.

Kama ni halali au si halali kuifanyia mashine mageuzi ambayo mtengenezaji hakuyaruhusu, hilo ni suala la masharti ya mtengenezaji na la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na wenye mamlaka nalo wapo. Mimi ni afisa istilahi, na maneno nitakayoyajadili yanahusu kila kifaa chenye kumbukumbu ya aina hii, zikiwemo simu na ving'amuzi vya televisheni vilivyomo katika nyumba za wasomaji wenyewe.

Yafaa kwanza kukieleza kitu chenyewe, maana hatuwezi kulipima jina la jambo tusilolijua. Xbox 360 iliingia sokoni mwaka 2005. Ndani yake mna chipu ya kumbukumbu inayotunza programu ya kuiwasha mashine pamoja na habari ambazo ni zake peke yake. Katika mashine nyingi za aina hiyo chipu hii ina megabaiti 16, nazo zimegawanywa katika sehemu 1,024 zilizo sawa, kila sehemu kilobaiti 16. Sehemu moja ina kurasa 32. Kila ukurasa una baiti 512 za maandishi yenyewe, na baiti 16 za pembeni ambamo huandikwa namba ya sehemu, hesabu za kugundulia makosa, na alama ya kuonyesha kama sehemu ni nzima au imeharibika. Kumbukumbu hii huitwa NAND, nayo ilitokana na kazi ya Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba, Japani, katika miaka ya 1980. Tabia yake kubwa ni kwamba haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sehemu nzima hufutwa kwanza kwa mkupuo mmoja, ndipo iandikwe upya.

Tabia ya pili huwashangaza wengi: chipu hizi hutoka kiwandani na kasoro. Watengenezaji wa chipu za ukubwa huu huahidi sehemu nzima zisizopungua 1,004 kati ya zile 1,024. Kwa maneno mengine, hadi sehemu 20 zaweza kuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na bado chipu ikahesabiwa kuwa njema ikauzwa. Sehemu hizo hutiwa alama kiwandani. Nyingine huharibika baadaye kwa kufutwa na kuandikwa mara nyingi. Hakuna anayezitengeneza. Mashine huziruka tu, na maandishi yaliyopaswa kukaa humo huwekwa katika sehemu za akiba, ambazo kwa chipu ya megabaiti 16 ya Xbox 360 ni zile 32 za mwisho. Sehemu ya akiba inayoyapokea huandikiwa pembeni namba ya ile iliyoharibika, na mashine inapoitafuta namba hiyo huikuta huko. Ya kwanza kuhama hupewa sehemu ya mwisho kabisa, ya pili hupewa iliyo nyuma yake, na kuendelea hivyo.

Mafundi wanaozifanyia mashine hizi mageuzi, kwa mbinu zilizojulikana tangu mwaka 2009 na hasa ile ya mwaka 2011 inayotumia chipu ndogo ya nyongeza kuibabaisha prosesa kwa mpigo mfupi wa umeme, hawana budi kuiandika upya kumbukumbu hiyo. Hapo ndipo sehemu mbovu zinapowatokea, na hapo ndipo karatasi yetu inapoanza.

Agizo lake la kwanza linasema: "Tupa kumbukumbu mara tatu kabla ya kumulika." Nililisoma mara kadhaa nisielewe, hata fundi aliponifungulia programu yenyewe katika kompyuta yake. Kilichokusudiwa ni kwamba fundi asome yote yaliyomo katika chipu, ayahifadhi katika kompyuta, arudie mara tatu, kisha azilinganishe nakala hizo ili ahakikishe kwamba hazitofautiani, kwa sababu waya uliochomewa vibaya waweza kumletea usomaji wa uongo. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika hapo chatumika pia kwa lori linalomwaga mchanga au taka, na kwa maana hiyo tumekwisha kukitohoa zamani: kila mji wetu una dampo lake. Katika karakana neno hilohilo lina maana ya kumimina nakala ya kumbukumbu yote. Mafundi wenyewe husema "kudampu", wala hawakosei. Aliyetafsiri, awe mtu au mashine ya kutafsiria, alikuta neno lenye harufu ya taka akaandika "tupa".

Fundi wa Himo alitii. Alifikiri ni kama kusuuza sufuria: mara moja haitoshi, ndiyo maana wameandika mara tatu. Akatafuta katika programu mahali pa kufuta, akafuta mara tatu. Na habari zilizomo katika kumbukumbu ya Xbox 360 zimefungwa kwa ufunguo ambao ni wa mashine ile tu, uliomo katika prosesa yake. Nakala ya mashine ya jirani haiwezi kukaa mahali pake. Tena kufuta bila uangalifu kwaweza kuziondoa hata zile alama zilizotiwa kiwandani, kiasi kwamba baada ya hapo hakuna ajuaye kwa hakika ni sehemu zipi zilizokuwa mbovu tangu mwanzo. Mambo mawili yasiyorudi yalipotea kwa kitenzi kimoja cha silabi mbili.

Hapa hapakuhitajiwa neno jipya hata kidogo. Kunakili ni kitenzi chetu cha siku nyingi. Kila karani anakijua. "Nakili kumbukumbu yote mara tatu, kisha linganisha nakala" ni sentensi ambayo mwanafunzi wa darasa la saba angeitenda bila kosa. Nalisema hili kwa sababu sisi tunaofanya kazi ya istilahi tuna ugonjwa wa kudhani kwamba kila dhana ngeni yataka neno geni. Aghalabu neno lipo na linafanya kazi katika ofisi ya jirani.

Sasa tuje kwenye "kizuizi kibaya", neno ambalo karatasi inalitumia mara nyingi kuliko jingine lolote. Kiingereza kina neno moja lenye maana mbili zilizo mbali: kuziba njia, na pande la kitu lililokatwa kwa kipimo. Maana ya kwanza imeenea sana miongoni mwetu kwa sababu ya simu, ambako kumzuia mtu asikuandikie ni jambo la kila siku. Mfasiri aliichukua hiyo. Nilimwuliza fundi alielewa nini aliposoma "vizuizi vibaya". Jibu lake ndilo lililonionyesha ukubwa wa kosa. Alielewa kwamba ni makufuli yaliyowekwa na mtengenezaji ili watu wasiifanyie mashine mageuzi. "Sasa kuviondoa si ndiyo kazi yenyewe niliyolipwa, dada?" Tafsiri iligeuza kasoro ya chipu kuwa adui wa fundi, ikampa sababu nzuri kabisa ya kufuta kwa nguvu zaidi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutohoa: tuandike "bloku" tumalize. Siwadharau, kwani nusu ya istilahi za karakana zimepatikana hivyo na zinafaa. Lakini neno hilo lina mwenyewe tayari. Pembezoni mwa barabara ya Himo bloku zimepangwa kwa safu, za mchanga na saruji, na mtu akikwambia bloku mbovu utajua kwamba saruji ilikuwa kidogo. Si sababu ya kulikataza. Ni sababu ya kuuliza kama tunalo jingine linalomwambia mgeni kitu zaidi.

Naamini tunalo, nalo ni kitalu. Watumishi wa serikali hawahitaji kuelezwa. Wameliona katika barua za ugawaji wa ardhi, ambamo kiwanja hutajwa kwa namba yake na kwa herufi ya kitalu chake. Wamelisikia katika vitalu vya uwindaji, ambavyo hugawiwa kwa wenye leseni, na katika vitalu vya gesi na mafuta baharini. Ukiziweka matumizi hizo pamoja utaona kwamba kitalu ni eneo lenye mpaka, lililopimwa, likapewa namba, na ambalo hugawiwa au kuchukuliwa likiwa zima. Hayo ndiyo hasa yaliyomo katika chipu. Sehemu zimepimwa sawasawa, zina namba kuanzia sifuri, na sheria yake ni kwamba hufutwa nzima, hakuna kufuta nusu. Neno "sehemu", nililolitumia hapo juu kwa ajili ya kueleza tu, halibebi mpaka wala namba. "Kipande" huleta picha ya kitu kilichomeguka.

Ipo hoja dhidi ya kitalu, na hoja hiyo inakaa katika miteremko hiihii ya Kilimanjaro. Mwambie mzee wa Marangu au wa Kilema kwamba kitalu kimeharibika, atakuuliza ni miche mingapi ya kahawa iliyokufa. Kwake kitalu ni tuta lililotengenezwa, likatiwa kivuli, miche ikaoteshwa ikingoja kuhamishwa. Nimeipima hoja hii kwa haki, nikaona kwamba haitudhuru. Neno lenye maana mbili ni hatari pale ambapo maana zote mbili zaweza kusimama katika sentensi moja, kama ilivyokuwa kwa kizuizi. Hakuna fundi atakayefungua mashine ya gemu akitafuta miche ndani yake. (Mjomba wangu, aliponisikia nikilieleza jambo hili mezani, alipendekeza "kihamba", kwa kuwa nacho kina mpaka. Nilimjibu kwamba kihamba hurithiwa, hakifutwi. Alikubali.)

Tena neno zuri la istilahi hupimwa kwa watoto wake. Kitalu kinazaa bila taabu: namba ya kitalu, kufuta kitalu, kitalu cha akiba. "Akiba" nayo ni neno ambalo halikuhitaji kuundwa, ingawa karatasi iliandika "eneo la uhifadhi", maneno ambayo kwa mkazi wa Himo ni msitu wa mlima na hifadhi yake. Nakiri doa moja. Ndani ya kitalu kuna kurasa, na kurasa hazioti kitaluni; sitiari ya ardhi inagongana na sitiari ya kitabu. Sikuona namna ya kulikwepa. "Ukurasa" limekwisha kukaa katika lugha ya kompyuta, na si busara kuling'oa neno lililoshika mizizi kwa ajili ya kupamba jedwali la istilahi.

Kivumishi nacho si jambo dogo. Karatasi inasema "vibaya". Mtu ni mbaya, tabia ni mbaya, na kizuizi kibaya ni kile kinachotuonea. Kifaa hakiwi kibaya, huwa kibovu: gari bovu, redio mbovu. Fundi yeyote asingekosea hapa kama angeulizwa. Napendekeza zaidi ya hapo tuitumie tofauti ambayo lugha yetu inayo bure: kitalu kibovu kiwe kile kilichotoka kiwandani na alama yake, na kitalu chakavu kile kilichozima kwa kutumika. Tofauti hii ni ya maana kwa fundi, kwa sababu wa kwanza hauongezeki, na wa pili ukianza kuongezeka ni dalili kwamba chipu yenyewe inaelekea mwisho wake.

Nimekuja kwenye kitenzi cha kichwa cha habari, "kurekebisha". Nacho ni uongo. Kitalu kibovu hakirekebishwi na mtu yeyote. Kinachofanyika ni kukiacha kilipo na kukipa kingine kazi yake. Kwa Kiingereza hueleza jambo hili kwa neno la ramani, na nimeona mahali pengine mtu ameandika "kuchora ramani upya", maneno yanayomtuma msomaji akatafute kalamu. "Kuhamisha kitalu" lina kasoro kwamba kitalu hakihami; yanayohama ni yaliyomo. Mafundi niliozungumza nao husema "hamishia", yaani peleka maandishi ya hapa pale, na kama agizo la karakana sina la kuongeza.

Lakini istilahi yahitaji pia jina la jambo lenyewe na jina la kile kitalu kinachopokea, na hapo nimejikuta nikiangalia ofisini mwangu. Mkuu wa idara asipokuwepo, yupo anayekaimu. Anakaa kwenye kiti kingine, lakini barua zinazoandikwa kwa cheo kile zinamfikia yeye. Kitalu cha akiba kilichoandikiwa pembeni namba ya kitalu kibovu kinafanya vivyo hivyo: kiko mahali pengine, kinaitika kwa namba ya mwenzake. Basi napendekeza kitalu kaimu kwa kile kinachopokea, na kukaimisha kwa kitendo chenyewe. Mwenzangu mmoja, mtumishi wa miaka mingi, ameipinga rai hii kwa hoja nzito kwamba ukaimu ni wa muda, ilhali kitalu kibovu hakirudi kazini kamwe. Sina jibu kamili. Ninalo jibu nusu, kwamba sote tumewahi kuwaona makaimu waliostaafu wakiwa makaimu.

Kuhusu "kumulika" nitasema machache. Jina la Kiingereza la kumbukumbu hii lilipendekezwa na Shoji Ariizumi, mwenzake Masuoka, kwa kuwa kufutwa kwake kwa mkupuo kulimkumbusha mwako wa kamera. Kwa hiyo "mweko" lingekuwa neno la haki kihistoria, nami katika rasimu yangu ya kwanza ya orodha nililiandika hivyo, nikaona fahari. Nililitaja Himo, vijana watatu wakacheka kwa adabu. "Flashi" limekwisha kuingia: ni kile kijiti cha kuhifadhia mafaili, na kuflashi simu ni kuitilia programu upya. Ng'ambo ya Holili, kwa ndugu zetu wa Kenya, lina na maana ya kumpigia mtu simu na kukata, tunayoiita sisi kubipu. Na kwa kuwa wateja wa Himo hutoka pande zote mbili, fundi hulazimika kuuliza mara moja kisha akaendelea. Nimelifuta "mweko" kwenye rasimu.

Hebu sasa tutazame tulichokihesabu. Tupa, mulika, rekebisha: makosa yaliyoizima mashine ya yule mama ni ya vitenzi. Nomino "kizuizi" ilisaidia tu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilianza kutolewa mwaka 1974. Kazi iliyofanyika humo ni kubwa na sote tunaila hadi leo. Hata hivyo, sisi tuliokuja baadaye tumeirithi kazi hiyo kwa umbo lake, yaani orodha kwa mpangilio wa alfabeti, neno moja kushoto na moja kulia, na ndani ya orodha hizo nomino zimejaa kuliko vitenzi. Nimeihesabu rasimu yangu mwenyewe ya istilahi za kumbukumbu za kielektroniki. Ilikuwa na maneno 60. Vitenzi vilikuwa 7, na kati ya hivyo 7, kimoja tu nilikuwa nimekitungia sentensi ya mfano. Kama fundi wa Himo angeipata rasimu hiyo mapema, asingeokoka, maana "kunakili" halikuwemo. Nilidhani ni neno la kawaida mno lisilostahili kuandikwa.

Kwa sababu hiyo sikutaka kurudi ofisini na mapendekezo niliyoyatungia mezani tu. Niliandika maelekezo upya, nikawapa mafundi wawili wa pale, yule wa kwanza na mwingine ambaye hakuwa ameiona karatasi ya zamani. Niliwaomba wasiguse kitu, wasome kila sentensi kisha waseme wangefanya nini. Maelekezo yenyewe ni haya: "Kabla ya kuandika chochote, nakili kumbukumbu yote mara tatu, na ulinganishe nakala. Nakala zikitofautiana, kagua waya zako, usiendelee. Zikilingana, tunza nakala moja nje ya kompyuta hii. Angalia katika nakala kama kuna vitalu vibovu, uandike namba zake. Usivifute. Programu mpya unayoiandaa lazima itokane na nakala ya mashine hiihii, na yaliyomo katika kila kitalu kibovu yahamishiwe kwenye kitalu cha akiba, kuanzia cha mwisho kwenda nyuma. Ukimaliza kuandika, soma tena, ulinganishe."

Fundi wa pili alieleza kila hatua sawasawa. Wa kwanza alisimama kwenye "usivifute", akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Katika rasimu ya mwanzo nilikuwa nimeziita zile baiti 16 "pambizo", neno la wapiga chapa. Wote wawili hawakulijua, wakasema "pembeni", nami nimelichukua la kwao. Neno "kukaimisha" halikuwemo katika maelekezo, ila niliwauliza kwa mdomo. Mmoja alilipata mara tu nilipotaja mwalimu mkuu anaposafiri. Mwingine aliuliza swali ambalo sikulitarajia: je, kaimu naye akiharibika? Nilimweleza kwamba hutafutwa mwingine katika akiba, naye huandikiwa namba ileile ya mwenye cheo, wala si namba ya kaimu aliyemtangulia. "Basi neno linafaa," akasema.

Nimeyapeleka kwenye kikao cha istilahi maneno haya: kitalu, kitalu kibovu, kitalu chakavu, kitalu cha akiba, kunakili kumbukumbu, kufuta kitalu, kuhamishia. Kila kitenzi kina sentensi yake ya amri. Kaimu na kukaimisha nimeyawekea alama ya kuuliza, na hoja za wasomaji juu ya mawili hayo zitapokelewa kwa shukrani, hasa kutoka kwa wale waliowahi kukaimu.